Tuanze na maisha ya mwanafunzi, fomu ije baadae

Wale ambao hamkufika kwenye kikao chetu cha walimu wa vyuo hapa Tabora mjini mmenitumia meseji nyingi mnaomba niwape nilichoongea, haya basi, hiki hapa chote, nimekiandika kama nilivyokisema, slaidi nimeziacha maana hazina kitu ambacho humu hakimo.

Mgeni rasmi, wakuu wa vyuo, walimu wenzangu, matroni na mapatroni, wasajili, na nyie wazazi mliotoka mbali, maana naona wengine mmeondoka Urambo na Sikonge alfajiri kabisa, shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mwangaluka!

Nimepewa mada ndefu, nadharia za ukuaji wa kazi na jinsi ya kuzitumia kumshauri mwanafunzi wa chuo cha jamii. Najua mada ikishasomwa hivyo kuna watu wanaanza kuangalia mlango uko wapi. Msitoke jamani. Nitaongea mambo ya ofisini kwetu, mambo ya dirisha la udahili, yule kijana anayekuja na bahasha ya kaki ndani ina cheti cha kuzaliwa na slipu ya matokeo, anasimama pale mlangoni anasema shikamoo mwalimu, nimekuja kuomba kozi.

Huyo akishakaa tunamuulizaga nini? Tuseme ukweli, hapa tuko wenyewe. Tunamuuliza una divisheni ngapi, D unazo ngapi, hesabu ulipata nini, ada unayo au unalipa kwa awamu. Halafu tunafungua orodha, tunaangalia kozi gani bado ina nafasi, tunamwambia chagua hapa. Dakika kumi, kwisha. Anaesimama nyuma yake nae anaingia. Na ndani ya hizo dakika kumi tumeshaamua miaka miwili mitatu ya mtu, na ada ya mama yake, na labda kazi atakayoifanya mpaka ana mvi.

Sasa mwaka 1972 kule Marekani kuna mwalimu mmoja anaitwa Terry O'Banion, mtu wa vyuo vya jamii kabisa, aliandika mfano wa kumshauri mwanafunzi wenye hatua tano. Hatua ya kwanza ni kukaa na mwanafunzi afikirie anataka maisha gani. Ya pili, anataka kazi gani. Ya tatu ndio unakuja kwenye kozi. Ya nne masomo yenyewe. Ya tano ratiba. Nisikilizeni tena: maisha, kazi, kozi, masomo, ratiba. Sisi tunaanzia wapi? Tunaanzia ya tatu. Na siku foleni ikiwa ndefu imefika mpaka kwenye mwembe pale nje tunaanzia ya tano kabisa, wewe Jumatatu saa mbili uko karakana, nenda.

Hicho ndicho nimekuja kusema leo, sina kingine kikubwa kuliko hicho. Tuanze na maisha. Hizo nadharia nyingine nitakazozitaja zote nazileta kwa sababu moja tu, zinatupa maswali ya kuuliza kwenye zile hatua mbili za mwanzo ambazo tunazirukaga.

Kwanza niseme kidogo hivi vyuo vya jamii ni vitu gani, maana kuna mwenzangu kaniuliza kwenye chai kama vinatuhusu. Kule Marekani cha kwanza cha umma kilianza 1901 mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikaanza na wanafunzi 6, na mpaka leo kipo. Ni masomo ya miaka miwili, karibu na nyumbani, ada ya chini, mlango uko wazi kwa aliyefaulu vizuri na aliyefaulu kidogo, kijana na mtu mzima, mwenye kazi na asiye nayo. Je, hamjaona ndugu yake hapa kwetu? Sisi tuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilianza 1975 kwa mfano uliotoka Sweden, na kwenye mkoa wetu vipo, Urambo kipo, Sikonge kipo. Tuna VETA, vile vyuo vya ufundi stadi. Tuna vyuo vya kati. Hapa hapa Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, mtu anatoka mbali huko anakuja kusomea nyuki kwetu wakati kijana wa Isevya hajui hata geti lake liko upande gani. Tofauti zipo, siwezi kusema ni kitu kilekile, lakini mtu anayeingia mlangoni ni yuleyule. Mama ana mtoto mgongoni. Baba wa miaka arobaini. Kijana ambaye shule ilimtupa.

Na huyo wa mwisho ndio nataka nianze nae, nitakaa nae muda kidogo mnivumilie.

Kuna mama wa saikolojia anaitwa Nancy Schlossberg, 1981 alitoa nadharia ya vipindi vya mpito, yaani mtu anapotoka hali moja kwenda nyingine. Anasema kuna mabadiliko uliyoyategemea, kama kumaliza shule. Kuna ambayo hukuyategemea, kama kufiwa. Halafu kuna aina ya tatu, na hii mimi nilipoisoma nilifunga kitabu nikakaa kimya, kuna jambo ulilolisubiri halafu halikutokea. Halikutokea tu. Hakuna msiba, hakuna tanga, hakuna mtu anakuja kukupa pole, lakini maisha yako yamegeuka.

Ni wangapi kwenye madarasa yetu wako kwenye hilo la tatu? Kijana kajaza selform, ile fomu ya kuchagua atakachosoma baada ya kidato cha nne, kaweka tahasusi zake, kamaliza kidato cha nne matokeo ya kati, yale ya kukaa roho juu, halafu majina ya kidato cha tano yanatoka anakwenda pale steshenari kulipa aangaliziwe, jina hakuna. Anaangalia tena. Hakuna. Anarudi nyumbani kwa mguu.

Tulipata kijana wa namna hiyo kwenye ufundi bomba. Wiki za mwanzo analala darasani, haongei na mtu, matroni akasema huyu ana kiburi, mwalimu wa karakana akasema huyu mvivu arudishwe tu. Siku moja nikapita bwenini nikaona tranka lake. Tranka jipya la bati, la bluu, limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, herufi nzuri za fundi wa mabango, na chini ya jina palikuwa pamekwanguliwa na msumari lakini bado panasomeka, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ile tahasusi aliyoitaka kidato cha tano. Mnaelewa? Mama yake alishalinunua, alishalipeleka kwa fundi likaandikwa kabla majina hayajatoka. Akaja nalo hilohilo kwenye ufundi bomba maana hela ya kununua lingine haipo.

Nilimuuliza swali moja tu, kabla hujaja hapa ulikuwa unasubiri nini? Sikumuuliza kwa nini unalala, hilo angenijibu samahani mwalimu basi. Nikamuuliza ulikuwa unasubiri nini. Aliongea mpaka kengele ya chakula ikapigwa.

Schlossberg anasema ukitaka kujua mtu atavukaje angalia vitu vinne: hali yenyewe ikoje, mtu mwenyewe yukoje, nani yuko nyuma yake, na anatumia mbinu gani kuvuka. Tukaviangalia vyote vinne na yule kijana. Hali ilikuwa kwamba anaona kozi yake ndio mwisho wa njia, hajui kwamba kutoka ufundi stadi mtu anaweza kupanda akafika fundi sanifu na zaidi, hakuna aliyewahi kumwambia, na sisi tulimpokea tukamwonyesha kitanda tu! Nyuma yake alikuwepo mama peke yake, na mama nae alikuwa anaona aibu kijijini. Mbinu yake ilikuwa kulala. Sasa ukishajua hayo unajua uanzie wapi, unamwita yule aliyemaliza miaka ya nyuma sasa hivi ana kazi ya mabomba akae nae kwenye benchi jioni moja, unampigia mama yake simu unamwambia mwanao ana mkono mzuri. Hakuna dawa kubwa zaidi ya hiyo. Lakini tungeanza na ratiba tungemfukuza kwa kulala.

Kwa hiyo walimu wenzangu, tunapouliza una D ngapi tuulize na hilo, ulikuwa unasubiri nini.

Tuje kwenye kazi sasa, hatua ya pili.

Huwezi kuongelea ushauri wa kazi bila Frank Parsons, yeye ndie alifungua ofisi ya kwanza ya namna hii Boston mwaka 1908, akafa mwaka huohuo, kitabu chake kikatoka 1909 yeye hayupo. Alisema mambo matatu: mjue mtu mwenyewe, zijue kazi, halafu fikirini vizuri hivyo viwili vinakutanaje. Zaidi ya miaka mia imepita bado sisi tunafanya la pili tu, tena nusu.

Baadae akaja John Holland, 1959, yeye akasema watu na mazingira ya kazi unaweza kuwapanga kwenye mafungu sita. Kuna watu wa mikono na vifaa. Kuna watu wa kuchunguza, kwa nini hiki kiko hivi. Kuna watu wa sanaa. Kuna watu wa watu, kufundisha, kuuguza, kusaidia. Kuna watu wa kushawishi na kuongoza, biashara. Na kuna watu wa utaratibu, kumbukumbu, hesabu zikae sawa. Mtu anakuwaga na mchanganyiko, mawili matatu yanatangulia. Anasema mtu akikaa kwenye mazingira yanayofanana nae anaridhika na anadumu.

Nawapa mfano wa dada mmoja wa kozi ya hoteli. Kupika anapika lakini hana raha, wageni wakija anajificha nyuma ya jiko, kwenye kupokea wageni maksi zake chini kabisa, akawa anasema anaacha chuo. Sasa mwalimu wake, huyu mwalimu nampongeza mpaka leo, aliona kitu. Yule dada alikuwa na daftari dogo la kaunta amelichora mistari kwa rula, unga umeingia kilo ngapi umetoka ngapi, mafuta, mayai, vitunguu, na kila ukurasa chini kuna salio, na salio linafanana na kilichopo stoo mpaka yai la mwisho. Hakuna aliyemtuma! Alikuwa anafanya kwa raha zake, jioni, wenzake wanaangalia tamthilia. Alipoulizwa kwa nini unafanya hivi akasema nikiona stoo haieleweki silali.

Huyo ni mtu wa lile fungu la sita mpaka kwenye mifupa. Hakuwa na tatizo na hoteli, hoteli ina stoo, ina manunuzi, ina hesabu. Fildi yake akapelekwa stoo badala ya mapokezi. Akamaliza, akaenda kusoma ugavi. Angeacha chuo yule.

Swali lenyewe la kuuliza ni jepesi: jioni ukiwa huru, hakuna aliyekutuma, unafanyaga nini? Jibu la hapo lina maana kuliko lile la unataka kuwa nani, maana kwenye unataka kuwa nani wote wanasema daktari. Ila naomba tusigeuze haya mafungu kuwa lebo, unambandika mtu wewe ni wa mikono basi vitabu achana navyo. Hapana. Ni mahali pa kuanzia mazungumzo.

Halafu kuna jambo Holland hakulifikia vizuri, akalifikia mama mwingine, Linda Gottfredson, 1981. Anasema mtoto hachagui kazi, mtoto anafuta. Anaanza kufuta mdogo sana. Kwenye miaka sita mpaka nane anafuta kazi anazoona si za jinsia yake. Kuanzia kama tisa mpaka kumi na tatu anafuta anazoona ni za watu wa chini, au ziko juu mno haziwezi. Akifika kumi na nne ndio anaanza kujiuliza mimi napenda nini, lakini anajiuliza ndani ya vile vilivyobaki. Vilivyofutwa hata havikumbuki.

Wazazi, hapo nawaangalia nyie. Binti akisema nataka ufundi magari tunasema nini? Nani atakuoa una grisi mkononi. Kijana akisema nataka ushonaji, au mapishi, tunasema hiyo kazi ya kike, na huku fundi aliyekushonea suti ya harusi ni mwanaume. Mimi huwauliza wanafunzi wapya, ukiwa darasa la tatu ulikuwa unataka kuwa nani, na nani alikwambia haiwezekani? Wanamkumbuka jamani. Wanamkumbuka kwa jina, na sentensi aliyosema.

Sasa umempata binti, umeirudisha ile kazi iliyofutwa, ameingia umeme wa majumbani. Tumemaliza? Bado. Hapa ndio tunapowapotezaga wengi.

Albert Bandura mwaka 1977 aliandika kuhusu mtu kuamini kwamba jambo hili naliweza. Watafiti watatu, Lent, Brown na Hackett, 1994 wakalichukua wakaliweka kwenye kazi: mtu hafuati kazi anayoipenda tu, anafuata ile anayoamini ataiweza na anayoona itamlipa, na mazingira yanaweza kumsukuma mbele au kumzuia. Kipaji anaweza kuwa nacho, asipoamini hakimsaidii. Na kuamini huko Bandura anasema kunatoka sehemu nne. Kubwa kuliko zote ni kufanya ukaona umeweza. Ya pili kumwona mtu kama wewe ameweza. Ya tatu kuambiwa na mtu unayemwamini. Ya nne mwili wako wenyewe, ukitetemeka unajiambia siwezi.

Sisi tunatumia ya ngapi? Ya tatu. Hotuba! Jitahidi mwanangu utaweza. Haitoshi.

Nimekaa karakana nikaangalia binti mmoja siku zake za mwanzo. Anashika plaizi kwa mikono miwili. Amepewa kumenya waya, anabana, anavuta, ganda linatoka na shaba yenyewe inakatika, nyuzi zinabaki zimesimama. Tena. Inakatika tena. Wavulana wanacheka, kijasho kinamtoka juu ya mdomo, anafuta na mkono wa ovaroli. Mwalimu wake hakumwambia kitu kuhusu kujiamini. Alimchukulia vipande vya waya chakavu, mfuko mzima, akamwambia leo kazi yako ni kumenya tu, na akamwonyesha kubana kidogo, kuzungusha, ndio uvute. Mpaka jioni anamenya. Kesho yake akapewa bodi, taa moja swichi moja. Ikawaka. Alipiga kelele, mimi nilikuwepo. Wiki iliyofuata taa moja swichi mbili, ile ya kwenye ngazi, unawasha chini unazima juu, na hapo wale waliokuwa wanacheka wawili yao ya kwao ikagoma. Halafu mwalimu akamleta dada mmoja fundi anayefunga umeme kwenye nyumba huku Ipuli, kaja na testa yake mfukoni na kofia, kakaa nao saa nzima, wale mabinti wakamuuliza mpaka unapandaje kwenye dari na sketi. Akawajibu, sipandi na sketi.

Mnaona? Kufanya kukatangulia, kwa hatua ndogo ndogo. Kumwona mwenzie kukafuata. Maneno yalikuja mwisho na yalikuwa machache. Mshauri wa kazi kwa hiyo haishii ofisini kwake, lazima aongee na mwalimu wa karakana, amwambie huyu wiki mbili za mwanzo mpe kitu atakachokiweza.

Niende kwa Donald Super, halafu nakaribia kumaliza. Super aligawa maisha ya kazi kwenye hatua, kukua, kutafuta kuanzia kama kumi na tano mpaka ishirini na nne, kujenga kuanzia ishirini na tano mpaka arobaini na nne, kutunza, halafu kupunguza. Ukiisoma haraka haraka utasema mama wa miaka thelathini na nane aliyekuja kuanza kozi amechelewa. Lakini mwenyewe alisema mtu anaweza kurudi akaizunguka tena, anakuwa mtafutaji upya, hakuna ubaya. Na 1980 akachora kitu kama upinde wa mvua, kila rangi ni jukumu: mtoto wa watu, mwanafunzi, mfanyakazi, raia, mzazi, mwenye nyumba. Mtu anayabeba mengi kwa wakati mmoja, na moja likivimba mengine yanabanwa.

Niwaambie kitu kuhusu Super, utafiti wake maarufu ulioanza 1951 ulifuatilia wavulana. Wavulana wa Marekani. Kwa hiyo tukichukua haya tuyachukue kwa akili zetu, tuyapime na mama wa Urambo.

Huyo mama wa Urambo anakuja chuo Januari vizuri. Februari anaanza kukosa. Machi haonekani kabisa. Kwenye rejista tunaandika mtoro. Februari na Machi Urambo kuna nini? Semeni nyie. Tumbaku! Majani yanaiva hayasubiri muhula, yanachumwa yanafungwa yanaingizwa kwenye bani, lile banda la kukaushia, na moto wa bani lazima mtu akeshe nao usiku, ukizidi tumbaku imeungua ukipungua imeharibika, na hela ya hiyo tumbaku ndio ada yake mwenyewe anayodaiwa kwa mhasibu. Angalia mikono yake akirudi, ile gundi nyeusi ya tumbaku haitoki hata kwa sabuni ya mche, anashika nayo cherehani kwa woga asichafue kitambaa. Huyo ni mtoro? Huyo ana majukumu matano na wewe unaliona moja.

Kwa hiyo mwanafunzi mtu mzima msimpe fomu kwanza. Mpe karatasi achore wiki yake. Jumatatu asubuhi nani anamtegemea, jioni nani, usiku nani. Halafu mwambie achore mwaka wake, kupanda lini, kuvuna lini, soko lini. Ndipo mnapanga pamoja moduli gani aichukue kipindi gani. Chuo kimoja walianza kuwapa kinamama wa tumbaku kazi za vitendo za kufanya nyumbani kwa hiyo miezi, na waliobaki mpaka mtihani walikuwa wengi kuliko zamani, walimu wake wako hapa ukumbini waulizeni.

Kuna la kwetu ambalo kwenye hizo nadharia halimo sana, nalo ni mjomba. Vitabu vinaongea kama vile mtu anachagua kazi yuko peke yake kwenye chumba. Tabora nani anachagua peke yake? Anayelipa ada ana neno. Kuna binti mlikubaliana nae vizuri kabisa ufugaji nyuki, baba yake mdogo ana mizinga, mwenyewe anapenda, karudi baada ya siku tatu anasema mwalimu nimebadilisha nataka uhazili. Nani kasema? Mjomba. Sasa mshauri ukimwambia binti simama na ndoto yako umemgombanisha na ada. Mwambie nipe namba ya mjomba. Tukapiga, tukaweka spika, shikamoo mzee, kumbe mjomba anajua nyuki ni kwenda porini kutundika mizinga ya magome juu ya miti, msichana wa watu atapandaje. Alipoelezwa kuna mizinga ya kisasa inakaa chini, kuna kuchakata asali na nta, kuna kufungasha, kuna maabara ya kupima ubora, akanyamaza kidogo akauliza kwani hiyo asali mnauza wapi. Akishauliza hivyo mjomba ameingia. Mjomba nae ni mteja wetu, tumpe kiti.

La Krumboltz nitalipitisha haraka. John Krumboltz na wenzake, 1999, walisema kazi nyingi za watu zimetokana na mambo ambayo hawakuyapanga, kwa hiyo mfundishe mtu kuyapokea: awe mdadisi, mvumilivu, anayebadilika, mwenye matumaini, anayethubutu. Yeye mwenyewe akiwa chuo alitakiwa achague fani na hajui, akamuuliza kocha wake wa tenisi, na kocha alikuwa mwalimu wa saikolojia, ndio akaingia saikolojia hivyo! Kwa hiyo kijana akikwambia sijui nataka nini usimkemee. Muulize wiki hii unaweza kwenda kumtembelea nani kazini kwake ukae nae siku moja. Hiyo tu inatosha kuanza.

Baada ya hapo mgeni rasmi aliruhusu maswali. Naweka moja tu maana ndilo mlilouliza wengi kwenye meseji. Matroni mmoja alisimama akasema, mwalimu maneno mazuri, lakini mimi nina wanafunzi mia tatu na niko peke yangu, na mimi ndie nagawa na vyandarua, huo muda wa kukaa na kila mtu nautoa wapi?

Dada yangu, nilimjibu hivi, hautakaa na kila mtu, na hakuna anayekudai hivyo. Wiki ya kwanza huwa tunawapanga kwenye foleni siku nzima wanasubiri kuhakikiwa vyeti, wamekaa chini ya mti hawana la kufanya. Muda ni huo. Wagawe wanane wanane, kila kundi lipe mwanafunzi wa mwaka wa pili uliyemwelekeza, na karatasi yenye maswali manne. Ulikuwa unasubiri nini kabla ya kuja hapa. Jioni ukiwa huru unafanyaga nini. Nani alikwambia kazi fulani haiwezekani. Nani nyumbani anakutegemea, na miezi gani. Wajibu wenyewe kwa wenyewe, waandike. Wewe jioni unapitia zile karatasi, na utawaona tu, kwenye mia tatu kuna wachache ambao karatasi yao inakusimamisha. Hao ndio unaowaita ofisini. Asiyejua kuandika vizuri mwenzie amwandikie. Na karatasi usiitupe, ipige pini kwenye faili lake mbele ya slipu ya matokeo, ili Machi mwalimu akitaka kuandika mtoro afungue faili akutane nayo kwanza.

Nakala za hiyo karatasi zilikuwa kwa katibu pale mlangoni na zimeisha. Wa Urambo, Sikonge na Nzega nimewatumia kwenye wasapu ya walimu, itoeni kopi kabla ya udahili wa muhula huu, na kama kwenu kuna swali la tano linalofaa kuliko haya ongezeni.